Kiti cha Baba Hakilii

Mliokuwa nami Jumapili iliyopita mliniacha nimesimama mlangoni kwa adui wa baba yangu, begi mkononi, naomba nifundishwe useremala.

Ambaye hakusoma asihangaike kutafuta gazeti la zamani. Nitamweleza kwa ufupi, maana yenyewe si habari ya kujivunia.

Baba yangu ni seremala. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Mimi, mtoto wake wa pekee, alinikataza kugusa hata bisibisi. Ujuzi wake akampa kijana aliyekuja kujifunza kazi, na kijana alipokwisha kujifunza akapewa na mimi, kama mnunuzi anavyotupiwa nyongeza kwenye kapu. Akawa mume wangu. Baba alipoanza kutetemeka mikono, mume wangu akaishika karakana.

Nilipomwomba na mimi nifanye kazi pale, alicheka mpaka akashika meza asianguke. Nilipoomba tena hakucheka. Alinirudisha kwa baba na begi langu.

Na baba, mbele yangu, akamwambia, "Nisamehe mwanangu, nitaongea naye."

Mwanangu alikuwa yeye.

Ndiyo maana nikaenda kwa Fundi Msasa.

Hilo si jina alilopewa na wazazi. Watu wanamwita hivyo kwa sababu akishamaliza kuongea na wewe unahisi umekwanguliwa ngozi. Yeye na baba walijifunza kazi kwa fundi mmoja, wakagombana kabla sijazaliwa, na tangu hapo wakipishana njiani kila mmoja anaangalia ukuta wa upande wake.

Alinipima kuanzia viatu kwenda juu.

"Baba yako anajua uko hapa?"

"Hajui."

"Mumeo?"

"Hajui."

"Basi ingia," akasema, akatabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana. "Ufagio uko nyuma ya mlango."

Nilifagia. Nikazoa maranda, nikachemsha chai, nikaosha vikombe, nikafagia tena. Kazi zote hizo nilikuwa nazifanya nyumbani kwa mume wangu. Tofauti ni kwamba hapa niliitwa mwanafunzi.

Ndani tulikuwa mimi, Fundi, na jamaa wa kwenye mashine ya kupasulia mbao anayeitwa Kijiti. Mwenye mwili kama wa Kijiti huingia mlangoni kwa ubavu, na aliyempa jina hilo bila shaka alikuwa anakimbia wakati analitamka. Kijiti ndiye aliyenihurumia. Fundi akitoka, ananiita.

"Dada, njoo. Hiyo patasi yako haikati mbao, inaibembeleza. Noa hivi. Mkono usicheze."

Nikajifunza kunoa. Nikajifunza kuranda ubao mpaka ukitazama kwa pembeni unaona umenyooka. Vidole vyangu vikawa na vibanzi kama nungunungu.

Siku niliyopewa ubao wa kwanza kukata mwenyewe, rafu ya kabati, niliukata mfupi. Si sana. Lakini rafu fupi si rafu.

Fundi Msasa hakunigombeza. Alinipa kile kipande akaniambia nisimame nacho mlangoni.

"Nisimame mpaka lini, Fundi?"

"Mpaka kiote."

Wateja wakiingia, anawaambia, "Msimsumbue huyo dada, anasubiri mbao irefuke." Wakacheka wote. Mmoja akauliza kama namwagilia maji.

Nililia chooni. Vumbi la mbao likichanganyika na machozi linakuwa uji mashavuni, hata kulia kwenyewe hukufaidi.

Nilikuwa nalala kwa mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu, kwenye mkeka sebuleni. Aliniona nimevimba macho.

"Mwanangu, rudi kwa mumeo. Anakupiga?"

"Hanipigi."

"Analewa?"

"Halewi. Ananicheka."

"Na huko ulikokwenda hawakucheki?"

Nikajifunika shuka.

Kesho yake nilikwenda kazini nikiwa nimejiandaa kusimama tena na kile kipande. Nikakuta Fundi Msasa ameweka kigoda kando ya meza yake. Akanimiminia chai yeye mwenyewe.

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Sikushtuka. Mtu aliyezoea kukwanguliwa, akipakwa mafuta anafikiri ni upendo.

"Binti," akasema, "wewe umekulia kwenye nyumba ile. Nikuulize kitu. Kiti cha baba yako hakilii. Ukikikalia, ukijitikisa, ukikivuta, kimya. Mimi nimetengeneza viti maisha yangu yote, na vyote vikishazeeka kidogo vinalia. Kwa nini chake hakilii?"

Nilijua kwa nini.

Utotoni mimi ndiye niliyempelekea baba chai karakana. Naambiwa, weka chini uondoke. Kuweka, niliweka. Kuondoka, sikuwa na haraka. Niliona anavyovifukia vile vijiti vya kuunganisha miguu kwenye mchanga wa moto mpaka vikauke kabisa, vinywee. Miguu yenyewe anaiacha na unyevu kidogo. Akishachomeka kijiti kwenye tundu, kijiti kinavuta unyevu na kuvimba, mguu unakauka na kukibana. Vinakumbatiana hivyo mpaka mwisho. Hakuna nafasi ya kulia.

Nilijua kwamba nikisema nimeuza siri ya nyumba yetu? Nilijua, wala sitawadanganya. Lakini nilimkumbuka baba anavyomtazama mume wangu machoni na kumwita mwanangu, nami nimesimama pembeni na begi.

"Fundi," nikasema, "tafuta mchanga."

Kiti kile nilikitengeneza mwenyewe, mguu kwa mguu. Fundi alisimama nyuma yangu amefunga mikono. Nilipokwisha, tukamwita Kijiti akikalie.

Kijiti alikitazama kiti, akajitazama na yeye. "Dada, nisije kukuharibia kazi."

"Kaa."

Akakaa. Akajitikisa kushoto, kulia. Akaegemea nyuma mpaka miguu ya mbele ikanyanyuka.

Kimya.

"Dada," Kijiti akanong'ona kama mtu aliye msikitini, "kimekubali."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye maranda.

Furaha yangu haikufika jioni. Alikuja mteja, msimamizi wa ukumbi mpya wa harusi na mikutano, mtu wa tai na viatu vya kung'aa. Alikaa kwenye kile kiti, akajizungushazungusha, akasimama, akakaa tena.

"Aisee! Nani katengeneza hiki?"

Nikafungua mdomo.

"Mkono wangu huu," akasema Fundi Msasa, akaunyoosha.

"Na huyu dada?"

"Huyu ananisaidia kupiga msasa."

Yule msimamizi akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kazi ya viti vya ukumbi nilikuwa nimempa fundi mwingine, yule aliyerithi karakana ya mzee. Kaniletea vya mfano vinalia kama paka. Nitamnyang'anya. Chukua wewe."

Fundi aliyerithi karakana ya mzee. Mume wangu.

Mteja alipoondoka nilimfuata Fundi mpaka kwenye lundo la mbao.

"Ulinichukua kwa ajili ya hili?"

"Ulidhani nilikuchukua kwa ajili ya nini? Ufundi wako wa kufagia?"

"Ulisema utanifundisha kazi."

"Si nimekufundisha? Leo umejifunza kwamba kiti si cha aliyekitengeneza. Ni cha anayeongea na mteja. Wengine wanazeeka hawajalijua hilo, wewe umelijua mapema. Shukuru."

Mwenye akili angechukua begi lake. Mimi nilibaki, kwa sababu kesho yake nilikuta meza ya kazi karibu na dirisha, imefutwa vumbi, ina jiliwa lake la kubania mbao, randa yake na patasi zake zimepangwa. Yangu. Maisha yangu yote sikuwahi kuwa na meza ambayo hakuna mtu wa kunifukuza hapo. Nikaitazama, nikameza mate, nikafunga aproni.

Tukatengeneza viti vya ukumbi mzima. Kijiti anapasua, mimi nachonga na kuunganisha, Fundi anapokea simu na kuitwa "mtaalamu".

Siku tunapakia gari la mwisho, mume wangu akatokea.

Alikuwa amekonda. Alipita katikati ya viti bila kuvigusa, akasimama mbele ya meza yangu.

"Kwa hiyo ni kweli."

"Karibu," nikasema. Ulimi una mazoea yake.

"Usinikaribishe. Nimekaa na yule mzee tangu sijaota ndevu. Nimebeba mbao zake mgongoni, nimepika gundi yake, nimemwoa binti yake..."

"Kumbe kunioa nako kulikuwa sehemu ya kazi?"

"Alinifundisha kila kitu isipokuwa hiki! Viti vyangu vinalia, nikimuuliza anasema, utazoea tu, mkono utakomaa. Kumbe wewe alikufundisha. Alikufundisha lini?"

"Hakunifundisha."

"Muongo! Mmenila nyinyi wawili. Baba mtu ananificha, binti mtu anapeleka kwa adui." Akaokota kipande cha mbao, nikadhani atanipiga nacho. Akakitupa chini. "Na bado ni mke wangu, usisahau. Mtaona."

Tuliona. Jioni ile mama mdogo alirudi kutoka sokoni, akaweka kapu chini bila kusalimia.

"Nimempita baba yako," akasema. "Amekaa nje ya karakana yake, kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mlangoni kuna kufuli jipya. Nikamuuliza, shemeji, kulikoni? Akasema amepumzika tu."

Baba yangu, ambaye nusu ya watu wa mtaa ule wanakalia viti vyake, amekaa kwenye ndoo.

Nilivaa viatu. Nikavivua. Nikavivaa tena. Mama mdogo ananitazama tu.

"Unakwenda?"

"Nitamwambia nini?"

Sikwenda. Andikeni na hilo.

Asubuhi nikiwa naranda, kivuli kikaziba mwanga wa mlangoni. Kijiti akazima mashine. Nikainua macho.

Ni baba, amevaa shati lake la kwendea msibani, mikono ameificha mifukoni isionekane inavyotetemeka.

Fundi Msasa alifurahi kama aliyeletewa mjukuu.

"Aaa! Karibu, karibu, mwenzangu! Kijiti, mletee mzee kiti! Si hicho, lete kile cha mfano!"

Kijiti aliniangalia. Nikageuza uso. Akaleta kiti changu cha kwanza, kile tulichokibakiza kwa ajili ya kuwaonyesha wateja.

Baba akakaa. Akaegemea. Akatulia kidogo kama mtu anayesikiliza chumba cha pili. Kisha mkono wake ukatoka mfukoni, ukaenda chini ya kiti, ukapapasa pale kijiti kinapoingia kwenye mguu. Akaujua ufundi wake. Nilimwona anavyoujua.

"Viti vizuri," akasema.

"Tunajitahidi," akasema Fundi Msasa. "Nimesikia habari za kufuli. Dunia hii! Kama umekuja kuomba kazi, wewe sema tu. Hapa hatubagui."

"Sikuja kuomba kazi," baba akasema. "Nimekuja kumchukua mwanangu."

Mwanangu. Safari hii alikuwa ananitazama mimi.

Randa ikanitoka mkononi.

"Mama," akaniambia, na hivyo alikuwa akiniita nilipokuwa mdogo, kabla sijafika kimo cha meza yake, "chukua vitu vyako twende nyumbani."

Wasomaji, nawaambieni ukweli. Yote niliyowasimulia tangu wiki zilizopita, begi, vicheko, mkeka wa sebuleni, yaliyeyuka pale pale. Nikaanza kufungua aproni, vidole haviwezi hata fundo. Kijiti akajifanya anatafuta kitu sakafuni, kumbe anafuta macho.

"Subirini kwanza," Fundi Msasa akasema, rangi inambadilika. "Haondoki mtu hivi hivi, kuna kazi..."

Honi ikapigwa nje. Lori la mbao lilikuwa limefika na dereva anapiga kelele kwamba ameziba njia. Fundi akasita, akatusonya, akatoka. Kijiti akamfuata.

Tukabaki wawili.

"Baba, nisamehe," nikasema. "Kuhusu viti..."

"Hayo tuyaache. Mumeo amekubali."

"Amekubali nini?"

"Kufungua. Ameniambia, ukirudi tu, atanipa ufunguo."

Nikaacha kuhangaika na fundo.

"Baba. Umekuja kunichukua mimi, au umekuja kuchukua ufunguo?"

Akatazama dirisha.

"Si ulitaka kufanya kazi?" akasema. "Utafanya. Utakuwa kule nyuma unatengeneza viti, mwenzio atakuwa mbele na wateja. Kila mtu atapata alichotaka."

"Na mimi nitakuwa nani pale?"

"Mke wake. Kwani ulikuwa nani?"

Nikaikaza aproni tena, safari hii mafundo mawili.

"Kwa nini hukumfundisha yeye siri ya viti?"

"Nilitaka kitu kimoja kibaki changu."

"Na mimi je? Kwa nini hukunifundisha mimi?"

Nilitegemea aseme ni kwa sababu mimi ni mwanamke. Nilitegemea aseme alikuwa ananionea huruma, kazi ni ngumu, nitaumia. Majibu yote hayo nilikuwa nimeshayaandalia la kumjibu.

Baba alifikiri kweli kweli, kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa funguo zake ameziweka wapi.

"Haikunijia akilini," akasema.

Nikashika meza. Nje lori linarudi nyuma, Fundi anapiga kelele, "Njoo! Njoo! Hapo!"

"Basi nijibu kitu kimoja tu," nikasema, "kisha nitakwambia kama nakuja au siji. Usinijibu kama baba. Nijibu kama fundi. Hiki kiti ulichokalia nimekitengeneza mimi. Ni kizuri au si kizuri?"

Akanyanyuka. Akakipindua kiti, akakilaza kwenye meza yangu. Akaanza na viungo, kimoja baada ya kingine, anapitisha kidole gumba kuzunguka tundu.

"Viungo vizuri," akasema. Akarudia kwingine. "Vizuri kuliko vyangu."

Nilitaka kulia, lakini alikuwa bado hajamaliza. Kidole kilishuka kwenye mguu wa nyuma, pale unapopinda. Kikasimama. Kikarudi nyuma. Akainama, akauweka mguu kwenye mwanga wa dirisha.

"Mbao hii alichagua nani?"

"Niliitoa kwenye lundo. Ilikuwa safi, haina fundo."

"Haina fundo, ndiyo. Angalia nyuzi zake, hii mistari. Zinatakiwa zifuate mpindo wa mguu mpaka chini. Hizi zinaukatiza." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi mbao za miguu naenda kuchagua mwenyewe, huko huko zinakopasuliwa. Huko hukuwahi kuniletea chai."

"Maana yake nini?"

"Maana yake kitakaa kimya. Kitakaa kimya vizuri kabisa, kisha siku moja kitakatika. Wala hakitalia kwanza."

Nikainama na mimi nikauangalia ule mguu.

"Vya ukumbini," akauliza, "mbao yake ni hii hii?"

Ni hiyo hiyo. Lundo lile lile, mikono yangu ile ile, kiti hadi kiti. Na ukumbi ulikuwa unafunguliwa Jumamosi hiyo, kwa harusi. Nikawaona wazee watakaosaidiwa kukaa. Nikawaona akina mama watakaokaa na watoto mapajani.

Kisha nikamtazama baba usoni, na wazo lingine likanijia, baya kuliko la kwanza. Huyu ni mtu anayetaka ufunguo wake. Angeshindwa nini kunitia hofu ili niache kila kitu nimfuate?

"Unanidanganya," nikasema.

Aliushika mkono wangu, jambo ambalo sikumbuki alilifanya lini mara ya mwisho, akakiweka kidole changu kwenye mpindo wa mguu, akakisukuma taratibu.

Nikausikia. Ufa, mwembamba kama unywele, umeshaanza.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Fundi Msasa alisimama pale, jasho linamtoka, akakiona kiti kilivyopinduliwa kwenye meza na vidole vyetu viwili vikiwa mahali pamoja.

"Kuna nini hapo?" akauliza.

"Hakuna kitu," tukajibu, baba na mimi, kwa sauti moja.